Pembe za kudondoka na mafuvu ya wanyama: soma mfupa kwanza, ndo uoshe

Nina pembe moja kwenye rafu ambayo kila anayeingia chumbani lazima aiulize. Ni ya kulungu, ya upande wa kushoto, na badala ya kupanda juu kama pembe nyingine imeinama kuanzia kitakoni, ikashuka chini kwenye usawa wa shavu, halafu ikajikunja mbele kama kidole kinachomwita mtu. Ubavuni ina uvimbe wa ukubwa wa yai, na ukipitisha kidole pale unasikia vinundu vidogovidogo kama nta iliyomwagika ikaganda. Siku nimeipata ilikuwa na matope na ukijani wa mwani, nikataka niipeleke moja kwa moja kwenye ndoo ya sabuni, ila nilikuwa nimechoka nikaiweka tu sakafuni nikalala. Asubuhi jua likaipiga kwa ubavu, ndo nikaona alama za meno ya panya zimepangana mbilimbili kwenye ncha, damu iliyokaukia kitakoni, na vumbi la magome ya mti limeshikana kwenye mifereji. Vyote hivyo ningevifuta jana yake kwa dakika tano na brashi.

Toka hapo nina sheria moja na ndo nitairudia humu ndani mpaka uichoke: soma kwanza, osha baadaye. Mfupa wa ajabu una thamani kwa sababu ya kilichompata mnyama, na kilichompata kimeandikwa kwenye vitu ambavyo mtu mwenye haraka anaviona uchafu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno pembe

Kiswahili chetu kinaita vyote pembe na hapa inachanganya kweli. Pembe za mbuzi, ng'ombe, kondoo, swala na nyati zina mfupa ndani na gamba nje, gamba hilo ni kitu kilekile cha kucha na kwato, na mnyama anakaa nazo maisha. Hazidondoki. Zile za kulungu wa nchi za baridi, jamii ya Cervidae, ni mfupa mtupu wenye matawi, zinaota juu ya kikonyo kwenye paji la uso, zinadondoka kila mwaka na zinaota upya. Halafu usichanganye na kulungu wa misitu ya Afrika mwenye madoa meupe, yule ni ndugu wa swala, pembe yake ukiikuta peke yake chini basi ujue mnyama mwenyewe alishakufa. Afrika nzima ina kulungu mmoja tu wa asili mwenye pembe za kudondoka, anaishi Algeria na Tunisia.

Jinsi zinavyoota inashangaza na inafaa uijue maana ndo inaeleza karibu kila ulemavu utakaokutana nao. Pembe changa imefunikwa ngozi laini yenye vinyweleo kama mahameli, imejaa mishipa ya damu na ina joto ukiigusa, na kwa wanyama wakubwa kama wapiti, kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, inaweza kupanda zaidi ya sentimita 2 kwa siku moja. Hakuna mfupa mwingine unaokua kwa kasi hiyo. Msimu wa kupandana ukikaribia homoni za kiume zinapanda, pembe inakauka, mahameli yanakufa na dume anayachubua kwa kujisugua kwenye miti, na hiyo rangi ya kahawia unayoiona inatokana na damu na utomvu wa magome. Msimu ukiisha homoni zinashuka, seli zinaanza kula mfupa pale kwenye mpaka wa pembe na kikonyo, na siku moja inaachia. Majike kwa kawaida hawaoti pembe, isipokuwa reindia, kulungu wa nchi za barafu, na jike wa reindia mwenye mimba anabaki na zake kipindi chote cha baridi wakati madume wameshaangusha. Na kuna kulungu-maji wa China, yule hana pembe kabisa, ana chonge ndefu kama meno ya mbwa.

Kuzipata bila kumuumiza mtu wala mnyama

Kulungu mkia-mweupe wa Marekani huangusha kati ya Desemba na Machi, wapiti na kulungu mwekundu wa Ulaya ni zaidi Machi na Aprili, kulungu mdogo wa Ulaya yeye mapema, Oktoba hadi Desemba. Tafuta pale wanapolala na pale wanapokula, na njia zinazounganisha hizo sehemu mbili, na hasa tafuta chini ya uzio au kwenye mtaro wanaouruka, maana mshtuko wa kutua unaachisha pembe iliyokuwa inaning'inia. Tembea polepole. Usitafute pembe nzima, tafuta ncha moja au mkunjo mmoja, jicho linazoea baada ya siku mbili tatu. Siku yenye mawingu baada ya mvua ni nzuri kuliko jua kali, mfupa uliolowa unang'aa kidogo na vivuli vya nyasi havikudanganyi.

Ila subiri wanyama wapate nguvu kwanza. Mwisho wa baridi wanaishi kwa akiba ya mafuta tu, ukiwakimbizakimbiza unawamalizia akiba na wengine wanakufa, na ndo maana sehemu kama jimbo la Wyoming, Marekani, wameweka kipindi ambacho kuokota kumefungwa kabisa. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani kama Yellowstone huruhusiwi kubeba hata moja, inabaki pale, panya na nungunungu wanaitafuna kupata madini na udongo unapata chake.

Kuhusu sheria sitazunguka. Usibebe kitu kwa sababu tu umekikuta kimelala. Kenya kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, Tanzania ya 2009, na kote huko fuvu, pembe, jino au ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kesi nzito, hujaua, umeokota tu, bado ni kesi, Tanzania ndo zile zinaitwa nyara za serikali. Marekani wana sheria ya 1918 inayolinda ndege wanaohama, inagusa hadi unyoya na fuvu la ndege mdogo wa kawaida uliyemkuta amekufa dirishani. Kuvusha mipaka kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliosainiwa 1973. Kwa hiyo uliza mamlaka za wanyamapori za mahali ulipo kabla hujainama, na ukinunua dai karatasi. Mtu akikuuzia fuvu la ajabu na hawezi kusema limetoka wapi, achana naye, hata kama roho inakuuma. Mi nimeachana na mafuvu mawili mazuri sana kwa sababu hiyo na sijutii, maana pesa yangu ingekuwa ndo sababu ya mtu kurudi porini na mtego.

Kama ndo unaanza, anza na wanyama wa kufugwa. Mbuzi, kondoo, nguruwe, ng'ombe, sungura, kichwa kutoka machinjioni hakina utata wa sheria na maajabu yamejaa humo kuliko watu wanavyodhani, taya zilizopinda, meno yaliyozidi, mivunjiko iliyojiunga yenyewe, kondoo wa pembe nne. Fuvu ninalolipenda kuliko yote kwangu ni la sungura wa kufugwa. Meno ya mbele ya sungura hayaachi kukua, yanasagana ya juu na ya chini ndo yanabaki saizi yake, huyu taya lake la chini lilikuwa limekaa mbele kidogo kwa hiyo hayakukutana, ya juu yakajikunja kuelekea ndani kama pete na ya chini yakatoka nje kama ndovu mdogo. Ukilishika mkononi unaona kabisa ncha ya jino la juu ilivyokuwa imebakiza unene wa karatasi kufika kwenye mfupa wa kinywa. Mwenye huyo sungura hakujua kitu, aliona tu hali vizuri.

Magonjwa, tafadhali usiruke hapa

Mnyama aliyekufa ghafla, amevimba, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, usimguse, usimchune, usimsogeze, toa taarifa kwa daktari wa mifugo. Hicho kinaweza kuwa kimeta na vimbegu vyake vinakaa kwenye udongo na mifupa kwa miongo mingi. Mwaka 2016 kule Yamal, Siberia, kimeta kiliua reindia zaidi ya 2,000 na mtoto mmoja, na wanaoshukiwa ni mizoga ya zamani iliyoyeyuka kwenye barafu.

Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye ubongo na mate, kwa hiyo mbwa, popo, mbweha au mnyama yeyote aliyeonekana kuchanganyikiwa kabla ya kufa, kichwa chake siyo cha kwako. Kwa kulungu kuna ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo, uligunduliwa Colorado mwaka 1967 na mwaka 2016 ukaonekana Norway, chanzo chake ni protini iliyojikunja vibaya na hiyo haifi kwa kuchemsha, kwa hiyo vichwa vibichi vya kulungu kutoka maeneo yenye ugonjwa havisafirishwi ovyo. Pembe kavu iliyodondoka yenyewe ni salama zaidi ya kichwa kibichi, lakini bado nawa mikono.

Glovu kila mara. Barakoa unapopiga brashi kitu kikavu au unapokata pembe kwa msumeno, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni, weka alama kabisa ya rangi nyekundu ili mtu asije akachukua sufuria akidhani imesahaulika.

Kusoma

Sasa umekaa nayo mezani. Chukua taa ya mkono, izime taa ya juu, mulika kutoka ubavuni siyo kutoka juu, hapo vivuli vinaonyesha kila mkwaruzo. Piga picha pande zote ukiwa umeweka rula pembeni. Andika kabla hujagusa maji.

Kwa pembe ya kudondoka anza na kitako. Kilichodondoka chenyewe kina uso wenye chembechembe kama sukari na pete ya vinundu kuzunguka, kikiwa bapa na kina mistari ya msumeno basi ilikatwa na aliyekuuzia kasema uongo. Kikiwa kimeondoka na kipande cha fuvu, hiyo ni habari ya kusikitisha, mara nyingi kulikuwa na maambukizi chini ya kikonyo yaliyokula mfupa na mnyama huenda hakuishi baada ya hapo. Kujua upande, ishike kama imeota kichwani kwako, tawi la chini kabisa linaangalia mbele na mkunjo wa ndani unaangalia pembe mwenzake.

Halafu jiulize ulemavu umeanzia wapi, hili ndo swali lenye utajiri wote. Kama kitako na sehemu ya chini viko sawa na uvimbe au mvunjiko uko katikati kwenda juu, basi aliumia wakati pembe bado ina mahameli, aligonga mti au uzio, ikavunjika kama tawi bichi na kuganda ikiwa imening'inia. Ajali hiyo kwa kawaida inaisha na msimu wake, mwakani anaota vizuri tu. Kama upotovu unaanzia kitakoni penyewe, kitako kimekuwa cha umbo la ajabu au vimetoka vishina viwili, kikonyo ndo kimeumia na hiyo itajirudia mwaka hadi mwaka. Kama upande mmoja ni mzuri kabisa na wa pili ni mfupi, mwembamba, umepindapinda bila kidonda chochote, angalia miguu ukibahatika kumwona mnyama, maana jeraha la mguu wa nyuma mara nyingi linaharibu pembe ya upande wa pili, mguu wa kulia pembe ya kushoto. Na kama pembe zote zimejaa vinundu kama jiwe la matumbawe na bado zina ngozi wakati wenzake wameshachubua, huyo homoni zake za kiume zimekatika, labda makende yaliumia au hayakushuka, pembe hazikauki wala hazidondoki zinaendelea kuongezeka tu. Uzee nao una sura yake, shina linabaki nene chini halafu matawi yanapungua.

Kwenye fuvu fuata taya kwanza. Hesabu meno, mbuzi, kondoo na ng'ombe wana 32, nguruwe 44, mbwa 42, paka 30, na usishtuke mbuzi kutokuwa na meno ya mbele ya juu, ndivyo alivyo. Kagua kama upande mmoja umesagika kuliko mwingine, maana yake alikuwa anatafuna upande mmoja na kuna sababu. Shimo dogo la mviringo lenye kingo laini kwenye taya ni mlango wa usaha, jino lilioza mzizi. Kingo laini maana yake mfupa ulikuwa hai na ulikuwa unajaribu kupona, kingo kali zenye rangi tofauti na mfupa wote maana yake palivunjika baada ya kufa, pengine na wewe mwenyewe begani kwenye begi. Hii tofauti ijue vizuri, nusu ya "majeraha ya ajabu" ninayoonyeshwa na watu ni koleo.

Kusafisha fuvu

Usichemshe. Nasema hivi kwa uchungu, fuvu langu la kwanza lilikuwa la mbuzi dume mwenye taya lililovimba, nikalipiga moto saa tatu nzima nikijua natenda vizuri, mifupa myembamba ya puani ikajikunja kama karatasi iliyolowa, meno yakapasuka kwa urefu, na mafuta yote yakaingia ndani ya mfupa, miezi sita baadaye likawa njano na linanata. Ule uvimbe ambao ndo ulikuwa sababu ya kulichukua ukamomonyoka, kwa sababu mfupa mgonjwa ni mwororo kama biskuti.

Njia ninayoiamini ni kuvundika, yaani kuozesha kwenye maji. Toa ngozi, macho, ulimi na nyama unayoweza kuifikia kwa kisu bila kukwaruza mfupa, ubongo utoe kwa kijiti na maji kupitia tundu la nyuma. Loweka usiku mmoja kwenye maji ya baridi damu itoke. Halafu weka kwenye ndoo ya plastiki, jaza maji hadi fuvu lizame, funika kwa mfuniko uliotoboa tundu dogo, weka mbali na nyumba sehemu yenye joto. Bakteria ndo wafanyakazi wako na wanapenda kama nyuzi 30, baridi ikiwa kali hita ya tangi la samaki inasaidia. Usiweke chumvi, sabuni wala dawa, utawaua. Maji yakiwa mazito sana mwaga nusu tu, ukimwaga yote unaanza upya. Harufu ni mbaya, siwezi kukudanganya, inakaa kwenye nywele, fanya kazi hiyo siku ambayo huna pa kwenda.

Fuvu la paka au sungura wiki mbili tatu, mbuzi mwezi, nguruwe zaidi. Siku ya kumwaga ndo siku ya hatari kwa mkusanyaji kwa sababu meno yenye mzizi mmoja yameshalegea na yatatoka na maji. Mwaga polepole kwenye chujio lenye matundu madogo, panga kila kitu kwenye kitambaa cheupe, hesabu meno. Ukipungukiwa rudi kwenye tope la chini ukapapase kwa vidole. Kwa mnyama mdogo au mchanga fuvu lenyewe linaweza kuachana kwenye mishono, usiogope, linaunganishika tena, ila ukilijua ni changa litoe mapema.

Mbuzi na kondoo wana hiyo kazi ya ziada ya gamba la pembe. Baada ya wiki mbili tatu kwenye maji gamba linaachia, lizungushe kidogo na kulivuta, ndani kuna utando unaooza na usipoutoa fuvu litanuka milele. Safisha mfupa wa ndani, kausha gamba kivulini peke yake, rudisha mwishoni. Gamba lisiingie kwenye dawa ya kung'arisha, linapauka na kuchanika matabaka.

Kuna wanaotumia mbawakawa wa jamii ya Dermestes, wanakula nyama kavu hadi kwenye vitundu vya pua na hawagusi mshono hata mmoja, makumbusho mengi yanawatumia na kwa fuvu dogo dhaifu hakuna linalowazidi. Lakini ni mifugo, wanataka chakula na joto wakati wote, na wakitoroka wanakula mazulia, ngozi na vitabu vyako. Kwa mtu mwenye mafuvu machache sishauri kuwafuga. Kuzika ardhini nako sikupendi, udongo unatia madoa ya kudumu, mizizi inapita kwenye mishono na meno yanapotea, kama huna njia nyingine afadhali uliweke juu ya ardhi ndani ya wavu wa waya uliofungwa vizuri, mbwa asilibebe, wadudu wafanye kazi.

Nyama ikiisha bado kuna mafuta, na hapa watu wengi wanakosa subira. Maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, mfupa unazama, kila maji yakiwa na ukungu au utando juu unabadilisha. Joto lisizidi lile ambalo mkono wako unaweza kuvumilia. Mbuzi wiki chache, nguruwe miezi, kweli miezi, kuna moja nimelibadilishia maji kuanzia Februari hadi Agosti. Lijaribu kwa kulikausha siku kadhaa, sehemu inayobaki kama kioo au yenye rangi ya asali bado ina mafuta, lirudishe.

Kung'arisha ni haidrojeni peroksaidi peke yake. Asilimia 3 ya dukani inatosha kwa fuvu dogo, kubwa unaweza kwenda mpaka 12 ukiwa na glovu na miwani. Chombo cha plastiki, kisifungwe kwa nguvu maana kinatoa gesi na kitapasuka, siku moja hadi tatu kisha suuza sana. Jiki usiiguse kabisa, klorini inakula kile kinachoshikilia mfupa pamoja na inaendelea kula hata baada ya kusuuza, baada ya mwaka mfupa unatoa unga kama chaki. Na kama fuvu lina rangi ya asili yenye maana, kwa mfano doa la usaha au la chuma cha mtego, liache bila kung'arisha. Weupe siyo lengo.

Kausha kivulini taratibu, juani chonge zinapasuka kwa kishindo utasikia hadi chumba cha pili. Funga taya kwa uzi wakati linakauka lisijikunje. Meno yarudishe kwa gundi nyeupe ya mbao, inayeyuka kwa maji ukikosea, gundi kali za haraka ukikosea umekosea moja kwa moja.

Pembe za kudondoka zenyewe

Hapa kazi ni ndogo. Maji ya baridi, brashi ya meno laini, na uishie palepale matope yanapoisha. Hakuna sabuni kali, hakuna peroksaidi, utaondoa ile kahawia na hairudi. Watu wanapaka rangi pembe zilizopauka ili zionekane mpya, sipendi, pembe iliyokaa nje miaka miwili ina haki ya kuonekana hivyo. Alama za panya usizisage kwa msasa. Pembe yenye mahameli mabichi ni jambo lingine, ndani ina damu itaoza na kuingia funza, kama ni halali yako mpelekee mtu anayekausha wanyama kwa kazi, ujanja wa nyumbani haufiki huko.

Kuhifadhi na kuandika

Kitu kipya chochote chenye gamba, ngozi au manyoya kifunge kwenye mfuko na ukiweke friza ya nyuzi hasi 18 au 20 kwa wiki mbili kabla hakijakaribia vingine. Kuna nondo ambaye funza wake wanakula gamba la pembe na kutoa vijibomba nje yake, na wale mbawakawa niliowasema wanakuja hata bila kualikwa. Unga mdogo chini ya fuvu ni dalili, lifunge kwenye mfuko na ulirudishe friza. Epuka jua la dirishani, epuka ukuta wenye unyevu, usitoboe pembe kuning'iniza, tumia waya uliofunikwa plastiki. Mafuvu usiyapange moja juu ya jingine hata kwa siku moja.

Lebo ni muhimu kuliko rafu. Paka kiduara cha rangi ya kucha isiyo na rangi sehemu isiyoonekana, kikikauka andika namba kwa wino mweusi, paka tena juu. Namba hiyo kwenye daftari, siyo kwenye simu tu: ni mnyama gani, upande upi, umekuta wapi kwa maelezo ambayo mtu mwingine anaweza kufika, tarehe, nani kakupa, karatasi ya kibali iko wapi, nini ulikiona kabla ya kuosha. Andika ulichokiona tofauti na unachodhani. "Uvimbe ubavuni, kitako kimeinama" ni ulichokiona, "aligonga uzio" ni unachodhani.

Nakupa sababu. Ile pembe ya kushoto niliyoanza nayo, kwenye daftari nilidhani ni ajali ya wakati wa mahameli kwa sababu ya ule uvimbe, nikaandika hivyo. Mwaka uliofuata, wiki ileile, kama hatua mia mbili kutoka mti niliokuwa nimeuandika, nikakuta nyingine. Kushoto. Uvimbe hakuna, lakini kitako kimeinama vilevile, shina linashuka kwenye shavu vilevile na kujikunja mbele. Ni yeye, na hakuwa amegonga uzio, kikonyo ndo kilikuwa kimevunjika kikaunga vibaya, uvimbe ulikuwa jambo dogo la mwaka mmoja lililonidanganya. Nimefuta dhana ya zamani kwa mstari mmoja ili isomeke bado, nikaandika mpya chini yake. Ziko pamoja kwenye rafu sasa, za kulia sijawahi kuziona hata moja, na pembeni ya hizo mbili nimeacha nafasi ya upana wa mkono.